Uvimbe Mmoja wa Fundi wa Matangi

Fundi aliyejenga matangi mengi ya maji unayoyaona ukitoka Machakos mjini kuelekea Kola amefariki. Nilipata habari Jumanne asubuhi dukani kwangu, nikiwa nimesimama kwenye mizani nikimpimia mteja misumari ya inchi nne, na aliyenipigia simu alikuwa pasta wetu. "Mzee, fundi ametuacha," alisema. Akaongeza, "Familia inaomba Jumamosi wewe ndiye uongee kwa niaba ya marafiki, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti ile siku ya shukrani." Nikamjibu sawa, nikakata simu, nikampa yule mteja misumari ambayo sikumbuki kama nilimaliza kuipima. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiwaambia mambo kwa uhakika. Wengine mmeniandikia kunilaumu kwamba uhakika wangu ni mwingi kuliko masomo yangu, maana shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kubeba mchanga. Leo uhakika huo hamtaupata. Tangu Jumanne ile kichwa changu kimekuwa kama duka lililohamishwa kwa haraka: vitu vyote vimo ndani, lakini sijui nini nilikiweka wapi.

Marehemu hakuwa ndugu yangu wala wa rika langu. Nilikuwa nimempita kwa miaka kama kumi na miwili. Tulijuana kwa kazi: yeye anahitaji saruji na waya, mimi ninauza. Tulikuja kujuana vizuri mwaka aliponijengea tangi la mawe nyumbani, la kukinga maji ya paa. Alilimaliza, tukalijaza, halikuvuja hata tone. Nikampa mkono, mke wangu akampakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, sahani mbili, akaenda zake. Baada ya wiki tatu nikamkuta uani bila kuitwa, penseli ikiwa sikioni, analizunguka tangi polepole huku ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Fundi, umesahau nini?" nikamuuliza.

"Sijasahau kitu, Mzee. Nimekuja kuliona."

"Si ulilimaliza?"

"Nililijenga. Kumaliza bado."

Akanionyesha nyufa mbili nyembamba kama unywele, ambazo mimi mwenye tangi nilikuwa sijaziona. Hakuziziba. Alichora kijistari kwa penseli kukata kila ncha ya ufa, akaandika tarehe pembeni. Aliniambia ufa wenyewe si shida, shida ni kama unatembea. Akarudi baada ya mvua zilizofuata. Ufa mmoja ulikuwa umekivuka kijistari chake kwa upana wa kidole gumba, akauchimbua na kuuziba. Mwingine ulikuwa palepale, akauacha. Kazi hiyo ya kurudi hakuna mtu aliyemtuma. Alikuwa akiifanya kwa kila tangi, Kola, Masii, popote, na mimi nilikuwa nikimcheka mbele ya watu. "Wewe unatembelea matangi kuliko unavyotembelea wakwe zako." Naye hujibu bila kugeuka: "Wakwe hawavuji, Mzee."

Maumivu ya mgongo yalimwanza kama yanavyowaanza mafundi wote. Mtu ambaye ameinua mawe tangu ujana wake akisema mgongo unauma, nani atashangaa? Mimi mwenyewe nilimshauri anunue dawa ya kuchua, akae wiki moja bila kuinua kitu. Akakaa wiki, akakaa mwezi. Akachuliwa na mama mmoja wa Masii anayesifiwa kwa mikono yake, akatoka pale akiwa vibaya zaidi. Mguu wa kulia ulipoanza kuburuta, mke wake alimpeleka hospitali kwa nguvu, akapigwa picha, akapelekwa hospitali kubwa Nairobi, huko wakamdunga sindano ndefu hadi kwenye pingili ya uti wa mgongo wakatoa kipande cha kupima. Jibu lilirudi na jina ambalo hakuna mtu kanisani kwetu aliyewahi kulisikia: uvimbe wa seli za plazma, ulio peke yake. Tulielezwa kwamba seli hizo kila mtu anazo, zinakaa ndani ya uboho wa mifupa na kazi yake ni kutengeneza kinga ya kupigana na maradhi. Kwa huyu wetu, kundi moja lilikuwa limeacha kazi, likaanza kuzaana ovyo mahali pamoja na kuula mfupa. Madaktari walikuwa wametafuta kwenye mifupa mingine na kwenye uboho wa nyonga, wasione kingine. "Ni mmoja kwa sasa, na tutaendelea kuangalia," ndivyo daktari alivyosema. Sisi tulirudi Machakos na maneno mawili tu: ni mmoja. Yale mengine tuliyaacha Nairobi. Ningependa mjue jinsi maneno hayo mawili yalivyotufurahisha. Tulikuwa tumeshazoea saratani ya kusambaa, ile ambayo ukiisikia unaanza kuulizia mahema ya mazishi. Mmoja ni kitu unachoweza kukielewa. Nyoka mmoja akiingia nyumbani, unamuua, unafagia, unaendelea na maisha.

Alipigwa mionzi kila siku ya kazi kwa wiki tano, akikaa kwa shemeji yake Mavoko. Akarudi anatembea wima, mguu umeacha kuburuta, na kwetu mtu akitoka mahali kama pale huwezi kumwacha akae kimya. Lazima shukrani. Tukafunga mahema kwenye uwanja wa kanisa, mbuzi wakachinjwa, kwaya tatu zikaja. Pana desturi kanisani kwetu kwamba anayetoa ushuhuda wa kupona hukabidhi madhabahuni kitu cha ugonjwa wake: fimbo ya kutembelea, bandeji, chupa ya dawa. Vitu hivyo hufungiwa kwenye kabati ya kanisa na havitoki. Fundi alileta mshipi wa mgongo aliokuwa amefungwa hospitali. Mimi mwenyekiti nikauona mshipi ule ni mdogo kwa muujiza mkubwa kama huu. Mke wake alikuwa ameshika ile bahasha kubwa ya kaki yenye picha za mifupa. Nikaichukua mkononi mwake, nikaiinua juu watu wote waione, nikasema kwenye kipaza sauti: "Hii bahasha haina kazi tena. Kesi imefungwa." Watu wakasimama. Pasta akaipokea akaifungia. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko madaktari wote wa Nairobi.

Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe kinachofuata baada ya ushuhuda. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu anajua kwamba ukishashuhudia umepona, kurudi kupimwa ni kama kumnyang'anya Mungu kitu ulichompa mbele ya watu. Mama mmoja alishuhudia kupona presha, kisha akaonekana mjini akinunua vidonge vilevile, na habari yake ilizungumzwa mwezi mzima. Kwa hiyo wiki kama tatu baada ya shukrani, fundi alipoingia dukani kuchukua mfuko wa saruji na kusubiri wateja wengine waishe, nilijua ana jambo.

"Mzee, niko na swali."

"Sema, Fundi."

"Nimeandikiwa nirudi. Damu na mkojo, kila miezi mitatu. Unaonaje?"

"Unasikia uchungu?"

"Hapana. Niko sawa kabisa."

"Sasa unarudi kutafuta nini? Yule mama wa maembe wa Kithimani si alikuwa na ugonjwa huuhuu puani, akapigwa mionzi, na leo ukimkuta sokoni anagombana na mabroka? Wewe ulisimama mbele ya watu na mimi nikasimama na wewe. Ukionekana kwenye foleni ya kliniki, mwongo atakuwa nani? Wewe, ama mimi, ama Mungu?"

Alinitazama kidogo, akacheka. "Sawa, Mzee." Akajitwisha mfuko wa saruji begani, akatoka. Nami nikabaki nikijiambia kwamba mgongo unaobeba saruji umepona. Tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa alikuwa akipotea siku moja au mbili, na ukimuuliza anasema alikuwa Kithimani kuona matangi. Nikamtania, "Kithimani kuna matangi mangapi, Fundi?" Akasema, "Mengi, Mzee, na yote yanataka kuonwa." Sikuona la ajabu, huyo ndiye fundi niliyemjua. Mwaka wa pili akaanza kukonda, tukasema ni umri. Siku moja akapiga chafya akavunjika ubavu, tukasema ni baridi ya Julai na mifupa ya uzee. Mwishoni figo zikakataa kazi, akalazwa, na Jumanne ile pasta akanipigia simu.

Sasa mnaelewa nilichokuwa nacho kifuani. Jumamosi nilitakiwa kusimama mbele ya watu walewale, uwanja uleule, nikiwa mtu aliyeifunga kesi kwa kipaza sauti na kumkataza mgonjwa kurudi hospitali. Jumatano nikaenda kwa daktari mmoja wa mjini, msichana wa upande wetu ambaye alijenga nyumba yake kwa mabati yangu. Anaitwa daktari na mimi ninamwita hivyo, ingawa nilimjua akiwa anatumwa chumvi.

"Daktari, mimi nimeua mtu?"

"Mzee, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Unamzungumzia fundi. Habari za mgonjwa siwezi kukupa, hata akiwa amekufa. Za ugonjwa nitakupa."

Akanieleza kwa uvumilivu. Uvimbe huu ukiwa ndani ya mfupa, alisema, una tabia ya kurudi baadaye ukiwa saratani ya uboho mzima, na hufanya hivyo zaidi kuliko ule wa nyama laini kama ya pua au koo. Kwa hiyo yule mama wa maembe nilikuwa nimemweka kwenye mizani isiyo yake. Ukubwa wa uvimbe una uzito wake. Umri nao una uzito wake, aliyevuka miaka sitini ana mzigo zaidi ya kijana. Kupata mionzi kunasaidia, aliyekosa huwa vibaya. Halafu kuna protini fulani ambayo seli zile huitoa kwenye damu. Ikitoweka baada ya mionzi ni dalili njema. Ikibaki, ujue kuna kitu kimebaki mahali ambapo picha haikukiona. Ndiyo sababu ya damu na mkojo kila miezi mitatu.

"Kwa hivyo angerudi angepona," nikasema.

"Sikusema hivyo."

"Kwa hivyo hata angerudi angekufa."

"Hivyo pia sikusema."

"Daktari, sema moja."

"Nikisema moja nitakuwa nakudanganya, Mzee. Kurudi hakuzuii ugonjwa kugeuka. Kunatuwezesha kuuona mapema, kabla haujavunja mifupa na kuharibu figo, tuanze dawa, mtu apate siku zaidi."

"Siku ngapi?"

"Ukiniletea wagonjwa wengi, nitakuambia kundi hili huishi kuliko lile. Ukiniletea mtu mmoja, siwezi kukuambia yeye ni wa kundi lipi."

Hapo ndipo aliponipoteza, na bado sijarudi. Mimi ni mtu wa duka. Ninajua mvua zikikaribia mabati yatanunuliwa, na sijui ni nani atakayeingia kesho kuyanunua, hilo ninalielewa. Lakini mabati hayaniulizi niende ama nisiende. Fundi aliniuliza. Mtu mmoja alisimama mbele ya meza yangu na swali la mtu mmoja, na mimi nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, wakati huyu binti aliyesoma miaka yote hiyo anakataa kusema neno moja la uhakika. Nilitoka pale nikiwa na hasira naye, kisha hasira ikageuka, ikawa sijui ni ya nani.

Alhamisi mchana nikaenda kwa mjane. Wanawake walikuwa wanachambua maharagwe, vijana wanafunga mahema. Nikamwomba tukae kando, tukakaa kwenye viti nyuma ya nyumba, nikamwambia yote: swali la fundi, jibu langu, maneno ya daktari. Nikamwambia, "Mwaitu, kama hutaki niongee Jumamosi, nitaelewa." Kwetu mwanamke unayemheshimu unamwita mwaitu, mama yangu, hata kama umemzidi umri. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na kitabu cha kliniki kilichochakaa pembe, akakifungua mapajani mwangu. Kulikuwa na mihuri ukurasa baada ya ukurasa, tarehe juu ya tarehe, kuanzia mwezi uleule wa swali la dukani.

"Hizi ndizo Kithimani," akasema.

Nilikitazama kile kitabu mpaka mihuri ikaanza kuchanganyikana. "Alikuwa anaenda?"

"Hakukosa hata mara moja."

"Na zile picha? Si zilifungiwa kanisani?"

"Nilizitoa mimi. Nilikuwa na zamu ya kufagia. Daktari alizitaka alinganishe na mpya. Ile bahasha iliyo kwenye kabati ina kalenda za zamani." Akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa leso, akatazama upande wa wanawake kama wamemsikia. "Pasta huwa anaiombea."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Aliniambia kwamba kwenye kliniki ya kwanza walikuta ile protini imepungua lakini haijaisha. Kwenye ya nne wakaukuta ugonjwa ndani ya uboho. Akaanzishiwa vidonge, akavimeza zaidi ya mwaka, akivificha kazini ndani ya mkebe wa misumari. "Angekuambia nini, Mzee? Ile siku ya shukrani ulifurahi kuliko sisi wenyewe. Alisema, huyu Mzee akisikia uvimbe umetembea ataitisha mkutano, na barua ya hospitali yenyewe ni ya Kiingereza, hawezi kuisoma, atachanganyikiwa bure. Mwacheni na furaha yake."

"Alikuwa anaogopa?"

"Aliogopa sana. Akitoka Nairobi alikuwa anakaa hapo ulipokaa. Watu wakipita barabarani anawasalimia kwa sauti, wasijue. Wakishapita, ananyamaza."

Mimi nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, nimekaa kwenye kamati ambazo wenye digrii walikuwa wakinipisha kiti, na sijawahi kuambiwa maneno yaliyonishusha kama hayo. Aliyeyasema hakuwa na ubaya wowote. Mtu anakufa na bado anajitahidi kunilinda mimi nisichanganyikiwe. Kwa dakika chache nilifurahi, nakiri, kwa sababu sikumzuia, maana alirudi kila mara na neno langu halikumuua. Kabla sijafika barabarani furaha hiyo ilikuwa imekwisha. Kama hakukosa kliniki hata moja na bado amekufa, basi kurudi kulimsaidia nini? Daktari angesema alipata siku. Inawezekana kweli alipata mwaka mzima, mwaka aliojenga matangi na kunitania dukani. Lakini mwaka huo aliuishi peke yake, yeye na mke wake, akitudanganya sisi sote, na sisi ndio tuliomlazimisha. Siwezi kusema nilimuua. Siwezi kusema sikumtendea kitu. Katikati ya hayo mawili sijui panaitwaje.

Tulipokuwa watoto ugonjwa ulikuwa na milango miwili. Mtu alitokea huu au ule, ndani ya mwezi, na jamii ilijua la kufanya, mlango mmoja una mbuzi wa shukrani na mwingine una jeneza. Siku hizi hospitali zimetuletea mtu wa tatu, ambaye hajapona wala haumwi, anafanya kazi, anacheka, anabeba saruji, na kila miezi mitatu anaenda kuuliza kama bado ni yeye. Mtu huyo hatuna salamu yake. Tukimuuliza habari ya afya tunataka aseme nzuri. Akisema nzuri tunamfungia mahema na kumpa kipaza sauti, kisha tunamfanya mlinzi wa maneno aliyoyasema siku hiyo mpaka afe. Sisemi watu wasishukuru. Mguu ulioburuta ukatembea, na mimi nikiuona mwingine leo nitashukuru tena. Nasema tulichukua shukrani ya siku moja tukaigeuza kuwa sheria ya kila siku, na mwenye kosa la kuinua bahasha anajulikana.

Jumamosi nikasimama. Pasta alikuwa ameniomba nikae kwenye mambo mazuri. Niliyasema, nikasema juu ya matangi na penseli. Halafu nikasema: "Mtu huyu aliniuliza arudi hospitali ama asirudi. Nilimwambia asirudi. Alirudi, akatuficha, kwa sababu alituonea huruma. Mimi ndiye niliyemfanya ajifiche, na ninaomba msamaha mbele ya watu wake." Habari ya kalenda sikuisema wakati ule, nimeiandika leo kwa ruhusa ya mjane. Kiongozi wa kwaya alisahau kuwa ni zamu yao. Baadaye, tukinawa mikono, pasta akanisogelea.

"Mzee, yale mengine si ungeyaacha."

"Nimeyaacha miaka mitatu, Pasta."

Mpaka leo tunasalimiana kwa heshima kuliko zamani, jambo ambalo pia silielewi.

Siku chache baada ya mazishi mama mmoja aliingia dukani. Sitasema ni wa wapi wala anaumwa nini. Aliangalia kufuli, akazigeuza moja moja, akazirudisha zote, akaniuliza kliniki ni siku gani. Alikuwa ameshuhudia zamani kidogo na tarehe yake ya kurudi ilikuwa imepita. "Watu wataniona, Mzee," akasema. Nikamwambia, "Tutaenda pamoja. Atakayeuliza, mwambie umenisindikiza mimi." Tukaenda. Nilikaa kwenye benchi saa nne nzima, mtu aliyezoea kupishwa. Waliotujua walipita, wakauliza, nikajibu kwamba mgonjwa ni mimi. Yule mama akaitwa, akaingia. Nesi mmoja akaniona nimekaa tu, akasema kwa kuwa nimeshafika anipime presha. Akapima mara moja, akapima mara ya pili, akaniuliza kama kichwa hunigonga.

Kwa nini huyu apate miaka ishirini na yule mitatu, wakiwa wamepigwa mionzi ileile, sijaelewa na sidhani nitaelewa. Nilichojifunza ni kidogo, na ningekitaka kabla ya ile siku ya saruji. Mtu akikuambia amepona, furahi naye. Halafu muulize wamemwambia arudi lini, na ukiweza nenda naye, ili akitoka ndani na habari yoyote ile asilazimike kuisafirisha nyumbani peke yake. Mimi nesi amenipa vidonge na kadi, na nimeandikiwa nirudi baada ya mwezi mmoja. Nitarudi. Mkiniona kwenye foleni, nisalimieni.